Gramu Thelathini na Saba

Mpishi mkuu wa hoteli moja kule Milimani, Kisumu,
alionja andazi, akafunga macho, akala la pili,
kisha akasema: Niandikie. Lakini kwa gramu.
Vikombe hapa hatuvijui, kila mtu ana chake.

Nikarudi Luanda na mizani ya betri ndani ya kikapu,
kioo chake kikinikodolea sifuri.

Mama hakuacha daftari. Ayuma aliacha ubeti mmoja
alioufundisha vidole vyangu kabla ya kichwa:

    Unga gorogoro moja, kilele ukate chini;
    sukari tatu, si hoja, kikombe cha kabatini;
    maziwa mimina, ngoja, ulegee mikononi;
    iliki, hiyo ni haja: kwa pua, siyo mizani.

Nikaanza na gorogoro.
Sokoni, Mama Khakasa hunipimia mahindi kwa mkebe kama huu:
kilo mbili na kitu, huapa, na kilele juu yake.
Kilele ni heshima, hakina namba.
Nyumbani nikaujaza unga wa ngano, nikaukata mfuto,
mizani ikasema kilo moja na nusu.
Nikautikisa mkebe. Unga ukashuka
kama mgeni aliyeambiwa kaa vizuri, usiogope.
Nikajazia pengo: gramu mia mbili zaidi.
Kumbe unga nao huvuta pumzi,
na miaka yote tulikuwa tunanunua hewa
na kuikanda, na kuiuza kwa shilingi kumi.

Sukari niliiona rahisi.
Kikombe cha sukari, gramu mia mbili, kila mtu anajua;
mia mbili mara tatu, mia sita.
Nikakanda. Nikakaanga.
Mandazi yakapiga weusi upesi, moyoni mabichi,
na utamu wake, mtume!
Utamu wa mtu aliyekuja kukopa.

Usiku nikakitoa kile kikombe cha bati
na pacha wake, maana Mama alinunua viwili siku moja.
Nikaviweka sawa, nikavimiminia maji,
kwa kuwa maji ndiyo pekee yasiyobishana:
mililita yake ni gramu yake.
Pacha: mia mbili hamsini.
Cha kabatini: mia mbili kumi na tatu.

Nikakipindua.
Kitako kilikuwa kimeingia ndani, kibonyeo cha dole gumba.
Na nikakumbuka mvua za El Nino,
mlango wa banda la kuku uliong'oka,
na Shikuku, miaka tisa, asiye na nyundo,
akipigilia msumari kwa kikombe cha Mama.

Alichapwa kwa mwiko. Namkumbuka akilia chini ya meza.
Nakumbuka pia wiki ile ile
abiria wa treni ya Butere wakinyoosha mikono madirishani:
Ayuma, umeongeza nini?
Mama akasema, labda ni iliki.
Yeye alikuwa amepunguza, na hakujua,
gramu thelathini kwa kila kikombe cha sukari.

Nikampigia Shikuku, yuko Eldoret, anauza vipuri.
Akacheka hadi simu ikakoroma.
Basi mwambie huyo mpishi, akasema,
msumari nao unataka asilimia yake.
Halafu akanyamaza kidogo.
Ule mwiko, akauliza, bado upo?

Upo. Nimeuninginiza nyuma ya mlango.

Nikaandika karatasi safi:
Unga, kilo moja na nusu, usitikiswe.
Sukari, mia tano na kumi.
Kuhusu msumari sikuandika.

Ikabaki iliki.
Nikaitwanga punje chache, nikaimwaga juu ya mizani.
Kioo kikanikodolea sifuri.
Nikapuliza, nikabonyeza, nikabadilisha betri.
Sifuri.
Na nyumba nzima inanukia,
hadi jirani akabisha hodi kuuliza kama Mama
ameamka.