Herufi Moja Zaidi

Aila Rautio hutambaa kwa tumbo, taa kipajini,
hadi mdomo wa shimo chini ya mzizi wa msonobari.
Ni Machi, Minnesota kaskazini, theluji inafika magotini.
Ndani dubu jike amelala na wanawe wawili.
Aila huwapima kwa mfuko wa turubai,
huandika uzito kwa penseli
kwa sababu wino huganda.
Na juu ya kila ukurasa, herufi tatu:
den.

Mimi, mpangaji wake wa chumba cha juu,
nilidhani anaorodhesha madeni
na amesahau herufi ya mwisho.

Nikamwuliza. Alicheka, akavua buti,
akatundika soksi juu ya jiko la kuni.
Ni mahali anapolala dubu, akasema.
Na mbweha? Naye pia. Na mbwa mwitu? Naye.
Na sungura? La, sungura ana neno lake.
Na ndege?
Akanitazama kama niliyeuliza
samaki huvaa viatu saizi gani.

Nami nikatandaza vyangu, kwa fahari kidogo:
ndege ana kiota, nyuki mzinga,
mchwa kichuguu, kuku banda, ng'ombe zizi,
panya tundu, popo pango, simba...
hapo nikakwama.
Simba hulala anapotaka. Nani amwulize?

Lakini lile neno lake halikutosheka na manyoya.
Watoto wa jirani, Maren na Eino,
hutupia blanketi juu ya viti viwili,
huingia chini na biskuti: ndilo hilo.
Wezi wakigawana nyuma ya gereji: ndilo hilo.
Na chini ya ngazi, katika nyumba hii hii,
kuna chumba chenye zulia la kahawia
ambacho baba yake, Toivo, alikiita vivyo hivyo.
Kiti kimoja. Redio. Ndoano za kuvulia kwenye barafu.
Mgodi wa chuma ulipofungwa, Novemba,
naye alifunga mlango.
Usimwamshe baba, mama alikuwa akinong'ona,
saa nane mchana,
na kahawa ikipoa kizingitini.

Dubu hulala miezi mitano bila kula,
moyo ukidunda kama mtu anayebisha hodi
na hana hakika na nyumba.
Toivo alilala miaka sita.
Alipozikwa, Aila alifungua droo:
barua za benki, hazijachanwa,
nyumba imewekwa rehani mara mbili.

Usiku ule niliandika beti moja kwa mtindo wa kwetu,
kisha nikaona haya, maana hapa
hapana wa kunikosoa mizani:

Kila kiumbe na lake, shimo, tundu au pango,
Dubu analo la kwake, halikuandikwa bango,
Mtu hujenga cha pweke, akajifunga kwa lango,
Akifa hubaki deni, alipaye ni mwanawe.

Nilimweleza, kwa shida, maana ya herufi ile moja.
Hakucheka. Aliniomba niiandike
pembeni mwa daftari lake, karibu na uzito
wa yule mdogo, kilo mbili na robo,
ambaye asubuhi ile nilipewa nimshike
ndani ya koti langu asipigwe na baridi.
Alinguruma kama sufuria ndogo inayoanza kuchemka.
Kucha zake zilipenya sweta, shati, hadi mimi.
Kwa pale alipokuwa, kati ya kifua na zipu,
sikupata neno, lake wala langu.

Mwaka wa tisa, Aprili, barabara zote tope,
Aila alirudi kutoka benki
na karatasi moja yenye muhuri.
Hakusema kitu. Alifungua daftari,
akatafuta ule ukurasa,
akachukua kifutio
akaifuta ile i.

Makombo aliyapuliza mezani.
Yaliingia kwenye kahawa yangu.
Nikainywa.