Mbili, Kisha Tatu

Kengele ilianza tulipopita mwamba wa Haukiniemi,
mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo la bati.
Hilkka akarudisha gia kati, akazima.
Boti ikaendelea kidogo kwa mazoea yake,
kisha ikakaa,
na Saimaa likatuzunguka bila haraka,
kama karani wa ofisi ya ardhi.

"Washa ufunguo, injini iache," nikamwambia.
"Acha taa iseme."

Injini hii ni ya mwaka ule baba alioacha sigara.
Haina kioo cha kuandika maneno.
Ina taa moja ya njano, ndogo kama punje ya dengu,
na ugonjwa wake wote huusema kwa kupepesa:
ndefu ni makumi, fupi ni mamoja.

Mbili ndefu.
Kimya.
Kisha zile fupi.
"Tatu," nikasema mimi.
"Nne," akasema Hilkka.

Mwaka wa tatu huu hatujakubaliana namba yoyote.
Bei ya nyumba ya mbao kule ufukweni.
Saa aliyokata roho baba, kabla ya usiku wa manane au baada.
Vijiko vya fedha vya mama: mimi nasema kumi na viwili,
yeye kumi na kimoja, na droo imefungwa.

Kitabu cha injini kimevimba kwa unyevu,
kimeandikwa Kijerumani, na pembeni
kuna alama ya dole gumba la baba, ya grisi,
mistari yake yote inasomeka.
Ishirini na tatu: joto la maji.
Ishirini na nne: oili haina shinikizo,
usiwashe, usijaribu, ita msaada.
Kati ya tatu na nne
kuna kamba ya kuvutwa hadi Savonlinna,
na uso wa Reijo wa gati akitupokea.

"Tuhesabu kwa sauti," akasema.
Wanawake wawili wenye magoti ya plastiki
tukaiinamia ile dengu kama watoto wa darasa la kwanza.
Moja. Mbili.
Kimya.
Moja, mbili, tatu.
Na hapo kitu kikamulika.
"Hicho!" Hilkka akanyoosha kidole. "Hicho hapo cha nne!"
Nikavua kofia, nikaikinga taa.
Cha nne hakikurudi.
Lilikuwa jua, limegonga wimbi, likaruka hadi kwenye kioo.
Hakusema amekosea.
Alisema, "Inua mfuniko."

Kijiti cha oili: mpaka alama ya juu, rangi ya asali.
Chujio la maji: majani mawili ya mbetula,
gamba moja la samaki, basi.
Nikaweka kiganja kwenye chuma.
Kilikuwa na joto la haki, la mashine iliyofanya kazi,
si la mashine inayoungua.
Basi joto halikuwapo.
Palikuwa na habari ya joto tu.

Tukaufuata waya kwa vidole
hadi kwenye plagi ya kihisio, chini, pasipofika macho,
na ilipochomoka ilikuwa imeota kutu ya kijani.
Mjumbe hauawi.
Huyu tulimsugua kwa tupa ya kucha ya Hilkka,
tukampaka vaselini ya midomo, tukamrudisha kazini.

Ufunguo.
Taa ikawaka mara moja, ikazima, ikanyamaza.
Injini ikakohoa, ikaitika.

Hilkka alikuwa amenipa mgongo, anafuta tupa kwa leso,
anaifuta mno.
"Kumi na viwili," akasema.
"Kimoja ninacho mimi. Nakorogea kahawa."
Nikajifanya nasikiliza injini.

Karibu na gati taa ikapepesa tena.
Tatu ndefu. Kimya. Moja.
"Betri," tukasema, mimi na yeye, kwa mdomo mmoja,
na hakuna aliyenyoosha mkono kuzima.