Dakika ya Kumi na Moja

Umeme ulirudi saa tatu usiku.
Kadutu nzima ikapiga kelele, eee!, kana kwamba timu imefunga,
na kabla sijafuta mikono yenye magamba ya sambaza
Akonkwa alikuwa amekwisha chomeka flashi,
ile iliyojazwa kule Nyamugo kwa franka mia tano
na kijana asiyeuliza umri wa mtazamaji.

Televisheni yetu ina kona moja ya zambarau.
Chochote kipitacho pale hugeuka biringanya:
mbingu, mto, pua ya mfalme.
Tumezoea.

Safari hii ni nungunungu.
Familia nzima, na Kifaransa chao cha puani,
nyumba ndani ya mzizi, mapazia madirishani
(mapazia! nani anayafua?),
na mama yao anaimba akikoroga chungu
kisichopata masizi, juu ya moto usiotoa moshi.
Nilimkagua kama muuzaji anavyomkagua mwenzake sokoni:
makala unanunua wapi, dada?

Mimi nazijua hizi filamu.
Mama akianza kuimba mapema hivyo, basi.
Nikatazama saa ya simu.
Dakika ya tisa, anamfunga mwanawe skafu.
Ya kumi, anamwambia usiuogope mto.
Ya kumi na moja,
mto.

Hawakumpa hata nafasi ya kuepua chungu.
Sasa mtoto yuko huru: atapanda milima,
atapata rafiki mcheshi, atajifunza jambo,
maana inaonekana hakuna safari iwezayo kuanza
mpaka mama aondolewe njiani kama jiwe.

Akonkwa alicheka, kwa sababu chura aliteleza.
Cibalonza hakucheka. Hakunitazama pia.
Mkono wake tu
ulikuja ukitambaa juu ya mkeka,
ukalipata pindo la kitenge changu,
ukalizungusha kidoleni mara moja, mara mbili,
kama mtu anayefunga mbuzi.

Nilibanwa na mkojo. Sikuinuka.
Nilikaa mpaka nungunungu mdogo akafika kileleni
na mama yake akatokea mawinguni, zambarau tupu,
hana miguu, anatoa ushauri.
Huyu mama wa mawingu simpendi.
Hapiki, hasuki nywele, hadaiwi ada ya shule.
Ni rahisi kuwa mwema ukiwa wingu.

Umeme ukakatika majina yakiwa yanapanda.

“Mama.”
“Ee.”
“Wewe uko mwanzoni mwa filamu, ao katikati?”

Akonkwa alishalala, mdomo wazi.
Nilifikiri juu ya baba yao, Kamituga,
anachimba dhahabu ambayo hatujaiona.
Nilifikiri juu ya mvua ya Aprili,
jinsi ilivyoshuka mtaani petu mwaka jana
ikachukua nyumba ya mama Nabintu, friji ikitangulia.

“Mimi niko jikoni,” nikasema.
“Filamu yangu ndefu. Ina masufuria mengi.
Hakuna anayeimba.”
“Na mwisho?”
“Mwisho, wewe unaenda kulala.”

Alilala. Pindo hakuliachia.
Kila nilipogeuka usiku, kitenge kilinivuta.

Saa kumi alfajiri nilijivua kile kitenge polepole,
nikamwachia chote,
nikajifunga cha zamani chenye matundu ya cheche,
nikatwika beseni, nikateremka kuelekea Muhanzi
kabla wengine hawajawahi mitumbwi.

Kwenye mtaro chini ya kanisa maji yalikuwa yakipita,
machache, ya kifundo cha mguu.
Wimbo wa yule nungunungu ukanijia ulimini,
mtamu, tena maneno yote ninayo.

Nikafunga mdomo.
Nikavua kandambili, nikavuka.