Tisa kwa Mwanamume

Kengele yetu ilikuja kwa meli, kisha kwa mabega ya watu,
kutoka ziwani kupanda milima siku nne.
Babu alikuwa miongoni mwa waliopokezana mti wa kuibebea.
Alibaki na kovu, akaliita ubatizo wake wa pili.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, niliisugua kwa majivu na ndimu.
Chini ya kutu ya kijani zikatoka herufi.
Padre Mgaya akapanda ngazi, akanisomea:
Hester Pryor, mjane, ndiye aliyeitoa, 1868.
Na jina la kijiji ambalo ramani ya Padre hailijui.

Mjane huyo sijui alilima nini.
Nadhani alikuwa na ukungu kama huu,
na kondoo, na jirani mwenye mdomo,
na njia ya matope iendayo kanisani
ambako mwenye mashamba aliketi mbele.
Kwetu mbele huketi mwenye lori la viazi.

Kwao tulirithi hesabu:
akifa mwanamume, tisa,
mwanamke, sita,
mtoto, tatu.
Mwaka wa surua baba alipiga tatu, tatu, tatu,
mpaka mama mmoja akapanda mnarani
akaishika kamba. Hakusema neno.

Jumanne amekufa Agripina Mtweve.
Nyumba yake aliifyatulia matofali mwenyewe.
Alilea wajukuu sita na yatima wawili wasio wa ukoo,
na mwaka ule wa njaa, viazi vya mbegu
aligawa, hakupika.

Wazee wa kanisa wakaja: "Sita, Luoga. Utaratibu ni utaratibu."
Umoja wa Akina Mama nao wakaja.
Hawakuniomba kitu. Waliniletea sweta,
eti mnarani kuna baridi.

Nikavuta.
Moja mpaka sita, polepole,
kama mtu apandaye kilima na mzigo wa kuni.
Kule mianzini wagema ulanzi walisimama, wakihesabu.
Mzee Haule alikwisha kuvaa kofia yake.

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye kamba.
Nikamwaza Hester:
yeye alipigiwa na nani, na ngapi?

Saba.

Mbwa akabweka bondeni.
Nane ilikuja yenyewe.