Shazia

Kuna sindano mbili maishani mwangu.
Ya kwanza ni shazia, ndefu kupita kidole cha kati,
naishonea midomo ya magunia sokoni Kibaigwa:
mahindi ya watu, uzi wa katani, mia mbili kwa gunia.
Ya pili huja kila tarehe tisa,
nyuma ya pazia la kijani lisilofunga vizuri.

Kwa miaka minne, ya pili iliiua ya kwanza.

Sauti zilinyamaza, sitasema uongo.
Yule mwanamume wa ndani ya ukuta aliacha kunitukana.
Lakini na mimi nilinyamaza.
Mate yalinidondoka juu ya khanga,
vidole vikacheza ngoma nisiyoijua,
na tundu la shazia, ambalo mtoto hulipitisha uzi huku anaimba,
likawa mlango uliofungwa kwa ndani.
Wachukuzi wakasema: mpeni ufagio.
Nikafagia. Punje za watu, vumbi la watu.

Kila tarehe tisa, maswali matatu.
Unasikia sauti? Unalala? Unakula?
Hapana, ndiyo, ndiyo.
Wakaandika: *anaendelea vizuri.*
Nikatoka nje nikiwaza ni nani huyo anayeendelea,
na amefika wapi.

Mwezi wa nane, upepo ulipoanza kubeba pumba, sikwenda.
Mwezi wa kumi wakanikuta Pandambili, katikati ya lami, bila viatu,
nawahesabia madereva wa malori dhambi zao.
Kaka yangu Mwaluko ndiye aliyenifunga kamba.
Ni mtu mpole.
Mpaka leo hawezi kunitazama mikononi.

Huko wodini, Dodoma mjini,
akaja daktari mmoja mfupi, Chilongani, ana kikohozi.
Akalifunga faili langu, akaliweka sakafuni.
"Nyemo, kabla ya kuugua, mikono yako ilikuwa inafanya nini?"
Nikadhani ni mtego.
Nikasema: shazia.
Akasema: iletwe.

Mama akaileta imefungwa gazetini.
Nesi akaja juu: kitu chenye ncha, humu?
"Nitakaa hapa hapa," akasema daktari, na akakaa.
Nikajaribu kupitisha uzi. Mara kumi na moja.
Hakunitazama usoni. Alitazama vidole,
kama fundi saa.
Kisha akatamka neno ambalo Kibaigwa nzima inalijua:
"Dozi waliyokuwa wanakupa ni lumbesa."

Nikacheka. Nesi akageuka kuangalia ni nani.
Lumbesa! Gunia lililojazwa kupita mdomo wake,
likavishwa kilemba cha wavu,
na bado mnunuzi anakuapia ni gunia moja.

"Tutapunguza taratibu. Sikuahidi kitu.
Yule wa ukutani akirudi, usimfiche. Niambie amesema nini."

Akauliza nani anapika nyumbani.
Kama nina deni. Kama naogopa giza au naogopa watu.
Akauliza kwa nini dawa naiacha mwezi wa nane, si mwingine.
Hapo nikakaa kimya muda mrefu, naye akakohoa, akangoja.
Nikamwambia ndio mwezi niliomzika mwanangu.
Faili lile, nene kama Biblia ya kanisani,
hilo halikuwamo.

Siku hizi nameza kidonge usiku, baada ya ugali na mlenda,
mama hanifichii tena ndani ya mboga.
Sindano ya tarehe tisa ipo, ila ndogo.
Asubuhi mikono bado inatetema, basi naanza kushona saa nne.
Siku za upepo mkali, yule wa ukutani husafisha koo.
Namwandika kwenye daftari la hesabu za magunia,
ukurasa wa nyuma.

Mwezi wa nane uliopita Mwaluko alikuja, tukaenda makaburini wote.
Hatukusema mengi. Aling'oa majani, mimi nikayakusanya.

Juzi mnunuzi kaniletea gunia lenye kilemba.
Nikamwambia, hili mimi sishoni.
Akampata mwingine palepale.
Nimekosa mia mbili.