Kinachoyeyuka

Nyamvula hununua barafu Mbaraki,
pande zima, kilo hamsini, kabla ya adhana ya alfajiri.
Linatoka kiwandani likifuka moshi
kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.
Analivika magunia mawili, katikati unga wa mbao,
analilaza kwenye mkokoteni wa Mwakuyala
taratibu, kama mgonjwa,
na safari inaanza kwenda Mtongwe
ambako samaki wapo, baridi haipo.

Mimi nafuata na mizani ya kuning'iniza na daftari.
Chuo kimenituma nipime gharama za usafirishaji.
Profesa alituchorea mji, nukta katikati ya ubao,
kisha duara, na duara, na duara,
akasema: shehena ni kama barafu.
Unayoituma siyo inayofika.
Iliyopotea njiani, hiyo ndiyo nauli.
Darasa zima likaandika.
Mimi nilicheka, nikatolewa nje.
Alidhani ni tashbihi.

Kivukoni, saa kumi na mbili na dakika tano.
Kilo arobaini na tisa.
Mkondo wenyewe ni mwembamba, mtu ukimwita ng'ambo,
upepo ukikubali, atageuka.
Ila mkokoteni hauvuki kwa sauti.
Feri inatia nanga na nusu ya Likoni,
wapishi, walinzi, mayaya, mafundi wa viyoyozi,
wote wanakwenda kazi zilikolala.
Inawamwaga, inageuka mbio kuwafuata wengine.
Inarudi karibu tupu, upande wetu hasa,
na haitungoji.
Mara tatu lango limefungwa mbele ya gurudumu letu.
Arobaini na sita.
Arobaini na nne.
Nyamvula anakamua gunia
ananawa uso kwa nauli yake.

Nikamuuliza, mbona kiwanda kisijengwe kwenu?
Akanitazama kama niliyeuliza mbona bahari ina chumvi.
Barafu iko Mbaraki kwa kuwa wanunuzi wako Mbaraki.
Na wanunuzi?
Wamefuata barafu.
Chizondo alijaribu, akasema. Shemeji yangu.
Alikopa, akaleta friza mbili, akapaka ukuta rangi ya samawati.
Watoto walimnunulia vipande vya shilingi tano.
Wenye vyombo hawakuja:
wanataka barafu, nyavu, dizeli, mnunuzi na benki
kwa mguu mmoja.
Umeme nao ulikuwa mgeni, unakuja ukipenda.
Friza moja aliuza.
Ya pili wanawekea sare za shule, haziliwi na nondo.

Tulivuka saa mbili kasorobo.
Kwenye mlima wa Likoni Mwakuyala alisukuma kwa kifua,
miguu ikitafuta lami,
maji yakichuruzika nyuma yetu mstari mmoja mwembamba
ambao kuku mmoja aliufuata mpaka dukani akichota.

Mtongwe. Thelathini na sita.
Nikarudia kupima. Thelathini na sita.

Hapa ndipo kanuni ya Profesa ilipoishiwa.
Yeye alituambia kiasi gani hupotea.
Hakutuambia hupotea mfukoni mwa nani.
Kiwanda kililipwa kilo hamsini.
Mwakuyala hulipwa kwa kilo zilizoondoka, walikubaliana zamani,
mgongo wake haujui kupunguza.
Nyamvula anauza zilizofika.
Zile kumi na nne hazina mwenyewe ila yeye.

Barafu ikavunjwa kwa nyundo, ikafunikwa changu na tewa.
Adhuhuri samaki hao watavuka,
wamelalia barafu ileile iliyotoka kisiwani,
kurudi kisiwani.
Jioni vichwa vyao vitarejea Likoni, bei ya mchuzi.

Nimeandika hamsini gawa kwa thelathini na sita.
Nimepiga mstari chini yake, wino umechuja,
karatasi ililowa tangu kivukoni.

Nyamvula alibakiza kipande cha ukubwa wa sabuni.
Nilidhani ni cha mteja.
Alikifunga kwenye ncha ya leso,
akakiweka kwenye goti lake la kushoto,
akafumba macho.
Hicho sikukipima.