Mchungaji Anasoma Hati ya Mshahara

Keti, Mchungaji Musembi. Hapo kwenye kreti,
kiti kimebeba risiti za mwaka mzima.
Wewe ulinifunza katekisimu nikiwa mtoto,
kwa kiboko na kwa andazi.
Leo zamu yangu, na andazi sina.

Soma mstari wa kwanza. Kwa sauti.
“Elfu arobaini na mbili.”
Hiyo ni jumla. Jina tu;
haijawahi kulala mfukoni mwako.
Sasa shuka nayo ngazi, taratibu:
elfu mbili mia tano na ishirini, uzee wako;
elfu moja mia moja hamsini na tano, hospitali;
mia sita na thelathini, nyumba za watu usiowajua.
“Na hii elfu tano na ushei?”
Hiyo ndiyo kodi yenyewe.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.
“Drusila, karani wa shule yetu
ana mshahara kama wangu, shilingi kwa shilingi.
Mbona yeye anakatwa kidogo?”

Ni ile nyumba, Baba.
Ile ya kanisa, Kariobangi Kusini,
ambayo mvua ikinyesha
Mama Mchungaji hupanga sufuria sebuleni kama kwaya:
sauti ya kwanza, ya pili, besi mlangoni.
Serikali haiisikii kwaya.
Inaona paa, inaona hulipii,
inasema, huyu naye amepewa kitu.

“Yaani natozwa kodi
kwa sababu silipi kodi?”

Alicheka mpaka kreti ikalia.
Kisha akanyamaza.
“Nimehubiri juu ya kodi mara kumi na moja,
mara mbili mbele ya diwani,
na bahasha hii nilikuwa naitazama chini tu,
penye kinachobaki.”

Kinachobaki: elfu thelathini na mbili,
mia moja na kumi na tatu.

“Basi zaka. Niitoe juu, au chini?”
Tofauti ni mia tisa themanini na tisa;
kikokotoo kilishajibu kabla hajamaliza swali.
Lakini hilo, nikamwambia, halimo kwenye jedwali langu.
Hilo ni la upande wako wa meza.

Nje, mafundi wa jua kali waligonga bati
kana kwamba nao wana hoja.

“Na Bi Rispa Awinja?
Kila Jumapili ananishika mkono mlangoni;
akiuachia, kuna noti ya mia
imekunjwa hadi inafanana na kidonge.
Niiandike wapi?”

Nikafungua mwongozo, penye marupurupu, penye nafuu.
Najua kanisa likikupa kwa kazi ya kanisa, hayo ni mapato.
Mkono wa mjane sijui ni nini.
Nikasema nitauliza.
Bado sijauliza.

Tarehe thelathini Juni, saa nne usiku, akanipigia.
Yuko saiba, nyuma yake foleni:
mwuza mitumba, bawabu wa baa, mwalimu mwenye mtoto mgongoni.
Nywila ameisahau.
“Mashine inaniuliza swali la siri:
nyumba yako ya kwanza ilikuwa wapi?
Drusila, niliandika nini?
Mimi sijawahi kuwa na nyumba.”

Jaribu Kariobangi, nikasema.

Nikasikia kidole kimoja
kikitafuta herufi, moja moja,
na sauti ya bawabu: Pasta, fanya haraka.

“Imekubali,” akasema.
“Imekubali kwamba ni yangu.”